Kamba ya Mafundo Nyumbani kwa Tembo

Hapo zamani, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na mikeka yao, Nyati alikuwa mpishi nyumbani kwa Tembo. Asubuhi moja alikuwa akimenya viazi. Mkewe, Bi Mashavu, alijifunga khanga, akamwambia, "Chumvi usisahau," akateremka mtoni avuke kwa niaba yake kuuliza idadi ya wageni.

Chubwi! Mamba akamchukua.

Tembo alikuwa na wageni kila siku, nao walipita kwanza kwa Kobe, ng'ambo ya mto. Kobe ndiye aliyejua idadi yao, na nani hali samaki. Mpishi alivuka kumwuliza. Ngiri, mtandika mikeka, alivuka kuuliza yale yale. Punda Milia, aliyewanawisha wageni mikono, naye alivuka. Kila mmoja aliona aibu kutegemea habari ya mwenzake.

"Lazima nisikie kwa masikio yangu!" walisema. Mamba alifurahi sana.

Matanga yalipokwisha, Nyati alianza tena kuvuka. Kila siku alisimama ukingoni muda mrefu zaidi, akiyatazama maji. Pimbi, mfagiaji mpya wa uani, mdogo kama chungu cha mboga, alimwona.

Alfajiri moja Pimbi aliruka juu ya mawe ya mto, tapu, tapu, tapu. Mamba alizoea kishindo cha kwato, hakusikia kitu. Pimbi akamwuliza Kobe yote, akafunga mafundo kwenye kamba: fundo moja, mgeni mmoja, fundo lenye jani, asiyekula samaki. Akarudi, akaingia na kamba yake ndani ya mtungi mkubwa uliokuwa uani, akachomoza kichwa.

"Jamani! Mzee Kobe amehamia humu mtungini!"

"Humo?" Ngiri akacheka. "Na gamba lake?"

"Kalivua. Linaoshwa. Ndiyo maana hataki kuonwa."

Pimbi akazama. Ngiri akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mzee. Wangapi leo?"

"Maraaahaba," mtungi ukajibu polepole. "Ishiriiini na tatu."

Punda Milia akauliza, akajibiwa vilevile. Nyati akauliza, akaambiwa pia kwamba wanne hawali samaki. Wote walisikia kwa masikio yao, na hakuna aliyelowa.

Wageni waliposhiba na kuondoka, Nyati alirudi mtungini peke yake.

"Mzee, siku ile Bi Mashavu alifika kwako?"

Nyati akainama karibu zaidi na mdomo wa mtungi.

"Alisema nini?"

Sauti nyembamba ikatoka mtungini: "Sijui, mjomba. Mimi ni Pimbi. Ninayo idadi ya wageni tu."

Nyati alitazama ndani. Aliona macho mawili, miguu yenye tope la mto lililokauka, na kamba. Akahesabu mafundo taratibu. Ishirini na tatu. Majani manne.

"Umevuka mara moja," alisema.

"Mara moja, mjomba."

"Kwa ajili yetu sote."

Punda Milia alikuwa akipita, akasikia. "Ala! Kumbe tumechezewa! Ngiri, njoo! Tumemwamkia mfagiaji!"

"Shikamoo yangu nairudishaje?" Ngiri akanguruma. "Toka humo, kidude wee!"

Nyati akasimama mbele ya mtungi. "Ngiri, mkeka ulipungua?"

"Haukupungua."

"Punda, kuna mgeni aliyekosa maji ya kunawa?"

"Hakuna, lakini..."

"Leo nani kati yenu aliingia mtoni?"

Ngiri akajikuna shingo.

"Huyu mdogo ana akili kuliko sisi watatu," Nyati alisema. "Laiti angekuja kufanya kazi hapa kabla ya siku ile ya Bi Mashavu."

Ngiri akaenda kukunja mikeka.

Kesho yake asubuhi, Pimbi aliporudi kutoka kwa Kobe, Nyati aliipokea kamba mpya, akapigilia kijiti mlangoni mwa jiko, akaitundika chini kidogo ili hata Ngiri aione. Kisha akaenda kuwasha moto.

Basi, wanangu, jambo ambalo nyumba nzima inalihitaji liulizwe mara moja, liwekwe mahali ambapo kila mmoja atalikuta.