Sifuri ya Nakundwa

Sifuri nayo huandikwa. Mmemsikia shangazi yenu akimfokea kaka yenu kwa maneno hayo kwenye simu, mkacheka, mkauliza hizo ni hesabu za shule gani. Haya, niachieni nafasi ninyooshe mguu, niwaeleze neno hilo lilikotoka.

Huko Upare milimani, enzi ambazo kijiji kizima kilitegemea simu ya upepo ya zahanati ya misheni, aliishi mwanamke aitwaye Nakundwa na mumewe Senkondo. Ofisi ya hali ya hewa ilikuwa imewawekea kipimo cha mvua uani, mkebe wa shaba wenye mdomo kama faneli, ukazungushiwa uzio mbuzi wasije wakanywa maji yake. Kila siku saa tatu asubuhi Senkondo aliyamimina maji ya mkebe katika gilasi yenye mistari, akachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na maji, akasoma, akaandika daftarini. Masika yakiingia aliipeleka namba zahanati, nesi akaitamka kwenye simu ya upepo, ikafika mjini. Huko ofisini walizikusanya namba za vilima vyote, wakajua mto utakuwaje, na redio ikawaambia watu wa bondeni wahame au wakae. Siku za jua pia Senkondo alikwenda zahanati. Nakundwa alimwona, ila alidhani anafuata kahawa na soga.

Mwaka mmoja Senkondo aliteremka kwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge.

“Nikipata bati za kuezekea nyumba, narudi,” alisema. “Kipimo nakuachia wewe. Mvua ikinyesha soma, andika, peleka.”

Hakusema zaidi. Alilolizoea mtu haoni haja ya kulisema.

Nakundwa alikitunza kipimo kile kama mtoto wa kupewa. Kila alipochuchumaa na gilasi, alihisi Senkondo kachuchumaa pembeni yake, anamwambia, “Shusha jicho. Shusha, bado.” Barua mbili zilikuja. Kisha ikapita miezi mitano kimya. Watu walipomuuliza alijibu, “Hana kitu cha kuandika. Akipata ataandika.” Mdomo ulisema hivyo. Lakini jioni, akipika, mkono ulichota unga wa watu wawili, kisha akaurudisha nusu kwenye debe.

Masika yale mvua ilinyesha siku tatu, kubwa ya kutisha, ikakata siku nne. Nakundwa akaziandika zile tatu, akazipeleka. Zile nne akaziacha wazi, na zahanati hakukanyaga. Kisichokuwepo kinaandikwaje?

Juma la pili akapanda mlima Bwana Kiangi, afisa wa hali ya hewa, vumbi hadi magotini. Alipewa kigoda hakukalia. Aliomba daftari.

“Mama, siku hizi nne ulikuwa unaumwa?”

“Nilikuwa mzima.”

“Ulisafiri?”

“Nisafiri niende wapi, na mimi namngoja mtu?”

“Mvua je?”

“Hata tone.”

“Sasa mbona hukuandika?”

“Niandike nini, baba, na haikunyesha?”

“Sifuri.”

Nakundwa akacheka mpaka akashika kiuno. “Yaani niteremke kilima chote hicho, niwapite wagonjwa kwenye foleni, nimwambie nesi nimeleta sifuri?”

Bwana Kiangi hakucheka.

“Watu wa bondeni walihama, mama. Ulituletea siku tatu za mvua kubwa, halafu kimya. Ofisini tukaulizana: imekata, au imezidi hata njia imesombwa na huyu mama hawezi kufika zahanati? Hatukujua. Tukaona heri tuonye. Watu wakabeba watoto na mikeka, wakakaa kwenye mwinuko. Mto haukuja. Waliokuja ni ndege, kweleakwelea, na mpunga haukuwa na wa kuulinda. Sasa siku ya mafuriko ya kweli nani atatusikia?”

Nakundwa akaziangalia zile nafasi nne daftarini.

“Ukiandika sifuri,” Bwana Kiangi akaendelea, sauti imelegea sasa, “umetuambia upo, umetazama, umekuta hamna. Ukiacha wazi hujatuambia lolote. Nafasi tupu yaweza kuwa mvua, yaweza kuwa jua. Yaweza hata kuwa msiba.”

Neno lile la mwisho lilimwingia Nakundwa kama maji ya baridi. Miezi mitano alikuwa akiitazama nafasi tupu ya Senkondo na kuisoma sifuri: hana kitu, ndiyo maana haandiki. Nani alimwambia ni sifuri? Machozi yakamtoka.

Bwana Kiangi akadhani ni ya kukaripiwa. “Basi, mama, basi. Kipimo hatukunyang'anyi. Andika tu kila siku.”

“Nitaandika,” alisema Nakundwa. “Nawe ukae hicho kigoda kidogo. Kuna barua ya kuteremka nayo.”

Shule aliishia darasa la tatu, kwa hiyo barua yenyewe ilikuwa fupi: “Senkondo. Mimi mzima. Bati sikuulizi. Kila mwisho wa mwezi niandikie. Kama huna kitu, andika sifuri. Usiniachie nafasi tupu.”

Mwisho wa mwezi uliofuata ikaja kadi. Haikuwa na salamu wala habari. Katikati pamechorwa sifuri moja, imebonyea upande mmoja kama ile o ya mwisho ya jina la Senkondo kila alipoliandika. Nakundwa aliipeleka kifuani akakaa nayo hapo hapo barazani pa posta, watu wanampita.

Wifi yake, Nanzia, alikuwa mtu wa mzaha hata kwenye matanga. Alipoiona kadi akapiga kelele, “Aa! Kaka yangu kakutumia yai! Likaange basi, wifi, tule!”

“Sifuri nayo huandikwa,” Nakundwa akamjibu. “Kaka yako yupo. Hana kitu, lakini yupo.”

Nanzia akaacha kucheka. Akaiomba ile kadi, akaitazama muda mrefu.

Zikaja sifuri nyingine, mwezi kwa mwezi, mpaka zikatimia saba. Nakundwa alizilaza chini ya mto wake, na asubuhi akaenda kuandika zake. Kiangazi kile zilikuwa nyingi: ukurasa mzima wa sifuri, na kila moja aliiandika taratibu, kana kwamba anamjibu mtu.

Mwezi wa nane kadi haikuja. Aliuliza posta mara mbili. Alirudi kesho yake, akauliza tena.

“Labda safari hii hakuwa na la kusema,” Nanzia alimtuliza.

“Asiye na la kusema angesema hana.”

Saa tatu asubuhi Nakundwa alisoma kipimo, akaandika, akamkabidhi Nanzia daftari na gilasi. “Hata kama hamna, wifi. Hasa kama hamna.” Akajifunga khanga, akateremka mlima kutafuta basi la Tanga.

Alimkuta katika hospitali ya shamba, kitanda cha mwisho, homa imemla amebaki mifupa na macho. Vidole havikuweza hata kushika kalamu. Senkondo alimtazama kama mtu aonaye njozi.

“Nani kakwambia naumwa?”

“Hakuna aliyeniambia,” alisema Nakundwa. “Ndiyo maana nimekuja.”

Alimuuguza, akampandisha mlima bila bati hata moja, wakalala chini ya nyasi zao zile zile. Na watu wa kijiji, kila mtoto wao alipoaga kwenda mbali, wakawa wanamwambia asingoje mpaka apate kitu ndipo aandike. Anayekungoja haombi mvua. Anaomba ajue umetazama, upo. Sifuri nayo huandikwa.