Lumbesa ya Mnunuzi

Atuganile alipoleta viazi sokoni, tajiri Mwasenga mwenye kitambi, mnunuzi pekee, alimshonea kipande juu ya gunia, kama alivyowashonea wakulima wengine, ili lirefuke kwa bei ileile.

"Jaza mpaka juu, dada. Mnunuzi hupewa lumbesa."

"Unastahili, mzee, ulivyokonda hivyo. Ni mnunuzi yeyote?"

"Yeyote," tajiri alijibu kwa sauti, wakulima wote wakisikia.

Atuganile akajaza, akalipwa, kisha akavuka njia hadi ghala la mchele la tajiri huyohuyo, akiwa na gunia jingine lililorefushwa vilevile.

"Nijazie, mzee. Sasa mnunuzi ni mimi."

"Mchele hauna lumbesa."

"Sawa." Atuganile akawageukia wakulima waliokuwa wakisubiri zamu. "Jamani, fumueni vipande vya magunia yenu. Mzee ameifuta lumbesa."

Tajiri akachukua koleo, akamjazia mchele mpaka juu.