Pango la Bi Pimbi na Jicho la Kimbunga

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa kimbunga, pango likawa moja tu.

Mashahidi wote walikubaliana kwamba pango lilikuwa la Bi Pimbi, kwamba Fisi aliingia bila hodi, na kwamba nje upepo ulilia vuuu! vuuu! Yaliyosalia yanabishaniwa.

Fisi alijinyoosha, Bi Pimbi akasogea. Fisi alijigeuza, Bi Pimbi akasogea. Fisi alipomaliza kukunja mkia, Bi Pimbi na wanawe wachanga walikuwa nje, wakilowa chepe! chepe!

"Bwana Fisi, wanangu watapeperushwa. Hiki ni kimbunga."

"Kimbunga ni kitu gani, we kipanya usiye na mkia?"

"Ni dhoruba inayozaliwa juu ya bahari yenye joto. Upepo wake huzunguka kama maji yaliyokorogwa mtungini, na katikati yake—"

"Basi! Nimeuliza maana, sikuomba mahubiri."

Bi Pimbi, kwa adabu, aligeuka akawakinga wanawe.

Mara upepo ukakatika. Kimya. Jua likatoka. Ufukweni, samaki waliotupwa na mawimbi walirukaruka pata! pata!

Fisi akameza mate. "Upepo umekwisha?"

"Mimi siusikii. Wewe unausikia?"

"Siusikii."

"Basi tumekubaliana, bwana. Ila desturi ya pango waijua: atokaye kwa miguu yake mwenyewe ameliacha."

"Baki nalo! Jiwe haliliwi."

Wapo wanaodai kwamba Bi Pimbi alitabasamu. Hakuna aliyeona, kwa hiyo dai hilo silipokei. Lililothibitika ni kwamba aliwaingiza wanawe wote, akaziba mlango kwa mawe.

Fisi akala samaki. Akala mwingine. Wa tatu alikuwa bado mdomoni upepo uliporudi kutoka upande wa pili, vuuu! Ukamwinua, ukamtundika juu ya mkoko.

Aliposhuka, alimshtaki Bi Pimbi mbele ya Kobe, hakimu wa wanyama.

"Amenihadaa! Hakuniambia kwamba katikati ya kimbunga pana jicho tulivu, na kwamba jicho likipita, upepo hurudi!"

"Nilifika kwenye 'katikati', bwana," alijibu Bi Pimbi. "Hapo ndipo uliposema basi."

Kobe aliomba muda wa kutafakari. Bado anatafakari.

Hadithi yangu imefika nchi kavu. Kama kimbunga, inafia hapo. Funzo lake: maelezo marefu hayana faida, mkatize kila anayeeleza.

Je, aliyekatizwa akisema kweli anawajibika kwa nusu ambayo hakuruhusiwa kuisema? Ushahidi mmeusikia. Amueni wenyewe.