Mahali Pasipo Kichuguu

Anayewajua kunguni wa kitanda ni yule anayeamka akijikuna, si mgeni anayesifu shuka. Watu wa kijiji cha Ipole walilijua jambo hili kwa msiba.

Ulikuwa mwezi wa Juni, wakati wa kuvuna asali. Wanaume wengi, akiwemo Mathias, walikuwa wamepiga kambi msituni kwenye mizinga yao. Ndipo wataalamu walipokuja kutathmini athari za barabara mpya kwa mazingira. Barabara hiyo ingekatiza mbuga iliyo kando ya kijiji, juu ya tuta refu la udongo. Kiongozi wao, Gerson, alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vinavyong'aa kama kioo.

Getruda, mke wa Mathias, hakukaa kwenye mkutano wao na wanakijiji. Yeye na wenzake walikuwa jikoni wakiwapikia wageni. Hata hivyo, karatasi ya mahudhurio ilizungushwa hadi jikoni, naye akaandika jina lake kwa mkono wenye unga.

Wageni walipokaa kula, Getruda alipiga magoti kuwanawisha mikono. Akajikaza, akamuuliza Gerson.

"Mwanangu, kalavati mtaweka wapi?"

"Pale kwenye mfereji, mama," Gerson alijibu. "Ndipo maji yanapopita."

"Hayo ni maji ya mvua ndogo. Mvua kubwa ikija, hupita kule katikati ya mbuga. Tazama, huku na huku kuna vichuguu, kule hakuna hata kimoja. Mchwa hajengi kwenye njia ya maji. Mkipaziba, maji yatageukia nyumba zetu, na mimi nina mama mkwe asiyeweza kutembea."

Abasi, mwenyekiti wa kitongoji, aliangua kicheko. "Getruda, leo umekuwa injinia? Lete mboga, bwana!"

Gerson naye akatabasamu. "Mama, vipimo vyetu havimwulizi mchwa." Akanawa, akala, akaondoka. Katika ripoti yake aliandika kwamba wananchi walishirikishwa.

Mathias aliporudi na kusikia, alimchukua mkewe wakaenda ofisi ya mradi. Karani akawafunulia ile karatasi.

"Getruda si wewe? Jina lako hili hapa. Ulikubali."

"Niliambiwa ni ya waliofika tu," Getruda alisema kwa sauti ndogo. Karani alikwisha kufunga faili. Tuta likajengwa.

Mwezi wa Februari mvua ilinyesha siku tatu bila kukata. Siku ya nne, jua likiwa utosini, Getruda na mumewe walikuwa shambani wakichuma tumbaku waliposikia mayowe. Walikimbia. Maji yalikuwa yamegonga tuta, yakakosa pa kupita, yakageuka kuelekea kijijini kama ng'ombe waliofukuzwa.

"Mayu! Mayu Theodora!" Getruda alimwita mama mkwe wake huku akipasua maji yaliyomfika kifuani.

Mathias alitangulia kuingia ndani. Alitoka amembeba mama yake mikononi, kichwa cha bibi kikiwa kimelala begani pake kama cha mtoto mchanga. Vidole vya bibi vilikuwa vimefumbata kipande cha chandarua. Hakuwa akipumua.

Gerson alifika matangani siku ya pili baada ya maziko. Alisimama mbele ya Getruda, asijue pa kuiweka mikono yake.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuuliza kalavati tuliweke wapi."

Getruda aliitikia. "Marahaba. Umeuliza vizuri, baba. Ila aliyekuwa akilingoja swali lako tumemzika juzi."

Abasi aliinamisha kichwa. Gerson aliketi mkekani, katikati ya waombolezaji, akalia bila kujificha, na hakuna aliyemnyamazisha. Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.