Mapipa ya Senkoro

Vita vilipofunga njia ya mafuta, mkunga Nakunda akawa anazalisha kwa mwanga wa moto wa kuni. Alijua tajiri Senkoro ameficha mafuta ya taa nyumbani akingoja bei ipande, akaenda kumwomba.

"Sina hata tone," Senkoro alisema.

"Basi nimefurahi. Wanajeshi wameanza kupekua nyumba za mtaa wa juu, na anayekutwa na mafuta anafungwa."

Senkoro alikohoa. "Na zahanati yako wanapekua?"

"Askari gani ataingia chumba cha kuzalishia, mzee wangu?"

Jioni mkokoteni wa Senkoro ulileta mapipa. "Nihifadhie maji yangu ya kisima," alisema.

"Maji?" Nakunda aliuliza kwa sauti, wajawazito wote wakasikia.

"Maji matupu, mama."

Msako ulipokwisha, Senkoro alirudi akakuta taa zinawaka kila dirisha. Alifungua pipa, akachovya kidole, akanusa.

"Nakunda, hiki ni nini?"

"Ni maji ya kisima, mzee wangu, na hawa kina mama ni mashahidi. Nimekujazia mpaka juu, hayajapungua hata tone."

Senkoro aliwatazama mashahidi, kisha akaita mkokoteni uje kubeba maji yake.