Siogopi Ngazi Ndefu

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wapo wanaoimalizia methali hii kwa neno zito zaidi, nasi hatutawafuata huko. Maana yake haina fumbo: kilichokatwa kwa kipimo cha mwingine huweza kukupendeza ukiwa umesimama wima, lakini siku ya kuinama kitakuumbua. Wengi hudhani wahenga walikuwa wakisema habari za mavazi tu. Vidole naye alidhani hivyo, hadi siku alipoomba kazi.

Vidole lilikuwa jina la utani. Alipewa na wateja wa duka dogo la kuchapa na kutoa nakala, ambako alimfanyia kazi mjomba wake kwa miaka minane. Alichapa huku akimtazama mteja usoni, vidole vikijua njia vyenyewe. Wateja wengi walitaka barua ya kuomba kazi, na Vidole alikuwa nayo moja tu, akiitunza ndani ya kompyuta kama mboni ya jicho. Aliyeitunga alikuwa fundi rangi mmoja mcheshi, mwaka ule wa kwanza. Fundi alisimama kando ya meza akisema, Vidole akichapa. Wiki haikuisha, fundi akarudi mbio kumshukuru: kazi ameipata!

Tangu hapo barua ile ikaitwa barua ya bahati. Akija mpishi, Vidole alifuta jina la fundi akaandika la mpishi. Akija dereva, vivyo hivyo. Hata sentensi ya mwisho hakuigusa, maana nani ajuaye bahati imejificha wapi? Sentensi yenyewe ilisema: "Aidha, mimi ni mtu wa kutazama kabla ya kukanyaga, na siogopi ngazi ndefu."

Jambo moja tu lilimnyima Vidole raha. Je, huko ofisini barua hizi husomwa? Alimuuliza kila mteja aliyerudi dukani, na kila mmoja alikuwa na lake.

"Wanatazama vyeti tu," alisema dereva.

"Wanafungia vitumbua," alisema mpishi, ambaye hakupata kazi.

Mjomba wake alimcheka. "Mpwa wangu, wewe chapa. Atakayesoma na asome."

Lakini swali lilikataa kuondoka. Akipita karibu na ofisi yoyote, Vidole alitupia jicho madirishani, akitamani kumwona japo mtu mmoja ameinamia karatasi.

Mwaka wa nane magoti ya mjomba yalimshinda, naye akatangaza kwamba mwisho wa mwezi duka linafungwa. Vidole alikuwa na mama wa kumtunza na hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Siku ya tatu akaona tangazo: masjala ya hospitali inatafuta karani wa mafaili. Kazi ya karatasi, tena kivulini! Akafungua barua ya bahati, akafuta jina la mteja wa mwisho, akaandika lake. Dakika tatu hazikuisha.

"Wewe unayewaandikia watu wote, yako huitungi?" mjomba aliuliza.

"Ya nini kujisumbua, mjomba? Hii inaijua njia."

Na kweli, aliitwa kwenye usaili. Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye rafu zilizopanda hadi darini, zimejaa mafaili ya wagonjwa. Mkuu wa masjala alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Keti."

Barua ilikuwa mezani. Chini ya sentensi ya mwisho palipigwa mstari mwekundu. Vidole alipouona mstari ule, moyo wake uliruka kwa furaha. Imesomwa! Kwa miaka minane alikuwa akiulizia jambo hili, na sasa jibu liko mbele ya macho yake.

"Vyeti vyako ni kama vya wenzako," alisema mkuu wa masjala. "Sentensi hii ndiyo iliyokuita. Karani aliyeondoka alikuwa mwoga wa ngazi, na nusu ya mafaili yako juu. Hebu nishushie lile la kijani, pale pembeni."

Furaha ikayeyuka. Maishani mwake Vidole hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko stuli. Akapiga moyo konde, akaweka mguu kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha tano akatazama chini. Hapo akaikumbatia ngazi kama mtoto anayemng'ang'ania mama yake sokoni, akakataa kwenda juu wala kurudi chini. Ikabidi mkuu wa masjala amshike kifundo cha mguu na kumshusha kidato kwa kidato.

Vidole alipokwisha kunywa maji aliyopewa, mama yule alifungua mtoto wa meza akatoa barua nyingine mbili.

"Wewe ni wa tatu tangu asubuhi. Wa kwanza alishuka amefumba macho. Wa pili alisema ana dharura nyumbani. Watu watatu, ngazi moja! Sikasiriki, binti, ila nataka kujua tu. Nani anawaandikia?"

Vidole aliyatazama majina. Moja lilikuwa la mjane aliyemuuliza mara mbili, "Kweli hii itanisaidia?" Aibu ilimkata maini. Angeweza kusema hajui, na nani angembishia? Lakini mjane yule alikuwa amemwamini.

"Ni mimi," alisema. "Wote ni wateja wangu."

Akaeleza kila kitu, kuanzia fundi rangi. Mkuu wa masjala alicheka hadi miwani ikamwangukia kifuani.

"Sasa huyo fundi alipata kazi kwa sababu ngazi kweli alikuwa haziogopi!"

"Kwa hiyo, mama," Vidole aliuliza, maana hata katika fedheha ile udadisi haukumwacha, "mnazisoma?"

"Zote. Ndiyo maana nilikuita, na ndiyo maana siwezi kukuchukua. Mwezi ujao tutatangaza nafasi ya mapokezi, ambako hakuna ngazi. Leta barua, lakini iwe yako."

Dukani alimkuta dada mmoja mshonaji akimsubiri. "Niwekee ile ya bahati," alisema.

Vidole aliifuta barua ile mbele ya macho ya mshonaji. "Keti, dada. Niambie, kazi gani ukiifanya watu huacha zao wakaja kukutazama?"

Dada alishangaa, kisha akaanza kusimulia, na hakumaliza upesi.

Alipoondoka, Vidole alifungua ukurasa mtupu. Vidole vilivyozoea kukimbia vilianza neno, vikalifuta, vikaanza jingine. Hatimaye vikaandika: "Mimi naogopa ngazi."

Mjomba alisoma akiwa nyuma yake. "Hee! Nani huomba kazi hivi? Ile nyingine ilikuwa na kasoro gani?"

"Haikuwa na kasoro, mjomba. Fundi rangi ilimkaa sawasawa. Mimi nimepanda nayo ngazi, nikabaki mtupu mbele ya mkuu wa masjala."

Mjomba akavuta kiti taratibu, akaketi kusubiri sentensi ya pili.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Nguo ya kuazima haisitiri maungo."