Tambuu ya Mwana Jaha

Katika zama ambazo majini waliitwa kwa majina yao na wakaitika, mji wa Shangamu ulitawaliwa na Sultani Munadhiri bin Haidari, na mji huo ulijengwa kwa mawe mekundu baina ya milima miwili, na haukuwa na mto wala ziwa, bali uhai wake wote ulitoka visimani, na maji ya visima hivyo yalikuwa matamu hata misafara ikapinda njia ili iyaonje.

Lakini maji hayo yalikuwa na sharti. Sultani mmoja wa kale alikuwa na binti aliyeposwa kisha akaachwa, na hina ya mikononi mwake haijakauka, na kwa uchungu wa binti yake akamfunga jini aitwaye Safrashi na kumwapisha alinde posa zote za Shangamu. Tangu hapo ikawa ada ya mji kwamba mwanamke akiposwa na akaridhia, hukunja tambuu moja, jani la kutafuna lenye viungo ndani, kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka juu ya chano na kuifunika kwa kitambaa cha hariri. Mshenga huonyeshwa tambuu hiyo, ili aweze kusema ameiona kwa macho yake, kisha huichukua ikiwa imefunikwa na kumpelekea aliyemtuma. Mwenye kuila ndiye mchumba. Na mchumba akiikana posa, maji ya mji mzima hugeuka chumvi.

Sultani Munadhiri alikuwa na ndugu wa kunyonya, Sayyid Luqmani bin Aqili, mtu wa nasaba njema na maneno machache, aliyekuwa mwamuzi wa kesi za ardhi na maji. Mkewe, Mwana Zena, alikuwa amefariki, na tangu alipofariki Luqmani aliendelea kuamua kesi kwa uadilifu uleule, akala chakula alichopewa, akajibu alipoulizwa, na watu wakasema amepoa. Hakuwa amepoa. Alikuwa amejifunza tu kuubeba msiba wake kama mtu abebavyo bakuli lililojaa pomoni, kwa kutembea polepole na kutomgusa mtu.

Basi Sultani alipotaka kumwoa Mwana Jaha binti Swalehe, yatima wa ukoo uliokuwa mkongwe kuliko hata ukoo wa Sultani mwenyewe, alimtuma Luqmani kuwa mshenga, kwa kuwa hakuna aliyemwamini zaidi.

Luqmani alifika nyumbani kwa Mwana Jaha baada ya sala ya alasiri, akapokewa na shangazi mtu, Bi Tuma, bibi mnene mwenye sauti ya kuagiza, na Mwana Jaha akakaa nyuma ya pazia kama ilivyopasa. Luqmani akasema maneno ya posa kwa ufasaha wala hakukosea hata moja. Chano kikaletwa, kitambaa kikafunuliwa, tambuu ikaonekana imekunjwa vizuri, na Bi Tuma, badala ya kuifunika mara moja, akaona ni heri kwanza amweleze mgeni ukubwa wa nasaba anayoijia.

"Swalehe ni mwana wa Jabali," akasema, "na Jabali ni mwana wa Sheikh Mahafudhi, yule aliyechimba kisima cha sokoni, na Mahafudhi ni mwana wa..."

Luqmani akasikiliza, na sauti ya Bi Tuma ikaendelea kupanda ngazi za mababu, na jua la alasiri likaingia dirishani likaliangukia zulia, na chano kilikuwa karibu na mkono wake wa kulia. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa tambuu nyumbani kwake. Miaka yote ya ndoa yake, saa kama hiyo, alipokuwa akisikiliza wagomvi wa mipaka, Mwana Zena alikuwa akija bila kusema neno na kuweka tambuu karibu na mkono wake wa kulia, naye aliichukua bila kuitazama. Mkono wake ukanyooka. Ukachukua. Ukapeleka mdomoni.

Bi Tuma alikuwa amefika kwa babu wa saba. Akanyamaza.

"Bwana," akasema, "unatafuna nini?"

Luqmani akameza. Hakukuwa tena na kitu cha kurudisha kwenye chano.

"Ya Rabi, ameila!" Bi Tuma akapiga kelele. "Tambuu ya Sultani! Nyumbani kwako hawakulishi, mwanangu? Ungesema tu, tungekukaangia hata yai!"

Nyuma ya pazia kikasikika kitu kama kicheko kilichozibwa kwa kiganja.

Luqmani akasimama, uso umemsawijika, akasema, "Bibi yangu, nimeghafilika. Posa hii si yangu, na sina haki yoyote juu yake."

Hakujua alichokifanya mpaka zilipotoka kelele jikoni, kisha uani, kisha nyumba ya jirani, na Bi Tuma akaonja kahawa yake na kuitema. Kasiki kubwa la maji lililokuwa pembeni mwa chumba likaanza kutokota bila moto, na maji yakapanda juu yakawa mfano wa mtu mrefu, mwenye ndevu zinazotiririka na macho ya rangi ya shaba, na chumba kizima kikanuka chumvi.

"Mimi ni Safrashi," jini akasema, "mtumwa wa ahadi za mji huu. Ewe Luqmani bin Aqili, umekula kilichokunjwa, kisha umekana kwa ulimi wako. Rudisha neno lako, nami nitarudisha maji."

Nje, wanawake walikuwa wakilia juu ya mitungi yao. Luqmani akafikiri juu ya watoto na wagonjwa na bustani za watu, na akasema, "Nimerudisha neno langu." Harufu ya chumvi ikaondoka, na Bi Tuma akachovya kidole katika kahawa yake, akaonja, akaitikia kwa kichwa kwamba ni njema.

"Basi wewe ni mchumba wa Mwana Jaha," akasema Safrashi. "Lakini mimi si dhalimu. Nimeutazama mkono wako, na nimeona kwamba haukuchukua kwa tamaa wala kwa hila. Ulichukua kwa kumbukumbu. Mlango mmoja uko wazi kwako mpaka Ijumaa. Nipe kumbukumbu hiyo, mikono ya mkeo na tambuu zake na alasiri zenu zote, na tendo lako litakosa mzazi, na lililokosa mzazi halikuzaliwa. Tambuu itarudi juu ya chano, nawe utakuwa huru."

Akashuka ndani ya kasiki, na maji yakatulia.

Luqmani akaenda moja kwa moja kwa Sultani, akamweleza yote, hakuficha neno. Sultani Munadhiri kwanza alicheka mpaka kilemba kikalegea.

"Nimekutuma kisimani, ndugu yangu, umeyanywa maji na ndoo umeiacha hukohuko!" Kisha akaacha kucheka, maana alikuwa Sultani, na barabara nzima ilikwisha kusikia. "Mpe jini anachotaka. Nini hicho? Ladha ya jani."

"Si ladha ya jani, Maulana."

"Marehemu hatajua."

"Mimi nitajua."

"Hutajua," akasema Sultani, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya mtu aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. "Ndiyo maana ya kusahau, Luqmani. Hutaumia. Nimekutazama tangu alipokufa, na nakwambia kama ndugu, jini huyu amekuletea dawa."

Hilo ndilo lililomtesa Luqmani kuliko hasira, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Alirudi nyumbani akakaa, na akajaribu kuwaza jinsi atakavyokuwa bila alasiri zile. Angekuwa mtu mzima, mwenye afya, ambaye aliwahi kuwa na mke. Angelijua jina lake na siku aliyozikwa. Na kwa upande wa pili lilikuwepo jambo jingine ambalo hakutaka kulitazama, nalo ni kwamba asipotoa kumbukumbu, atamwoa mwanamke asiyemjua na kumvunjia heshima ndugu yake mbele ya mji, na kwamba hayo mawili hayakuwa yanamchukiza sawasawa.

Siku ya Alhamisi akaenda tena kwa Bi Tuma, akaomba kusema na Mwana Jaha. Bi Tuma akamkalisha, akakisogeza chano cha matunda mbali na mkono wake, akasema, "Kwa usalama wa mji," na akakaa mlangoni.

"Mwana," akasema Luqmani akilielekea pazia, "nimekuja kukuomba radhi. Jambo hili ni lako pia, wala hakuna aliyekuuliza."

"Shangazi aliniuliza," ikajibu sauti, pevu na tulivu. "Aliniuliza kama nina wazimu wa kumkataa Sultani. Nikamwambia sina."

"Ukitaka nimpe jini anachotaka, sema, nami nitampa."

"Sitasema hivyo. Ni chako, wala mimi si mwizi." "Ila nina swali, Bwana Luqmani. Ulipoitia mdomoni ulidhani ni ya mkeo?"

"Mkono ulidhani."

"Na mdomo?"

"Mdomo ulijua mara moja. Marehemu alikuwa akitia karafuu. Yako ilikuwa na iliki."

"Kopo la kutemea lilikuwa mbele yako. Nililiona kupitia pazia. Mbona hukutema?"

Luqmani akalikwepa swali, akasema, "Iliki humtapisha Sultani tangu utotoni. Mji wote unajua."

"Nami najua," akasema Mwana Jaha.

Hapo Luqmani akafahamu kwamba tambuu ile ilikunjwa ili Sultani aiteme, maana asiyeila si mchumba, na kwamba binti huyu, aliyezibwa njia zote za kusema hapana, alikuwa amejitafutia moja kwa mbegu chache za kiungo. Na akafahamu pia kwamba jambo hilo likijulikana, Mwana Jaha ataangamia. Akaaga akaondoka, na njia nzima swali la Mwana Jaha, mbona hakutema, likamfuata.

Ijumaa baada ya sala baraza likakusanyika katika ua wa jumba la Sultani, mbele ya birika la marumaru, na Bi Tuma na Mwana Jaha wakakaa nyuma ya pazia la wanawake. Birika likachemka, Safrashi akasimama juu yake.

"Ewe Luqmani, mlango bado uko wazi. Unanipa?"

"Mpe," akasema Sultani.

Luqmani akainama mbele ya Sultani, akainuka, akasema, "Maulana, jini ameniambia kwamba nilikula kwa kumbukumbu, na hilo ni nusu ya ukweli. Mkono wangu ulichukua kwa ajili ya marehemu. Lakini tambuu ilipofika kinywani nilijua kwamba si yake, kwa kuwa ladha yake ilikuwa nyingine. Kopo lilikuwa mbele yangu. Nami sikutema. Nilitafuna mpaka mwisho, kwa sababu tangu alipokufa kila nilichokionja kilikuwa ama kama cha zamani ama si kitu, na hicho kilikuwa kitu, nacho kilikuwa kipya, na nilitaka kujua kinaishia wapi. Nimeona haya kulisema hata peke yangu. Nikitoa kumbukumbu ya mke wangu ili nijiokoe, nitakuwa nimemsingizia marehemu jambo nililolitenda mwenyewe."

Safrashi akainamisha kichwa, maji yakimdondoka ndevuni. "Nilitazama mkono," akasema, "sikutazama mdomo. Juu ya mdomo sina mlango wa kukufungulia."

Sultani akamtazama ndugu yake kwa muda, na askari wakakaza mikono juu ya majambia. "Ladha gani hiyo," akauliza taratibu, "iliyokuonjesha upya kwenye posa yangu?"

Luqmani akafunga mdomo. Hilo hangelisema, hata kwa upanga.

Na nyuma ya pazia Bi Tuma akasikika akinong'ona, "Kaa, wewe, kaa chini!" Kisha sauti pevu na tulivu ikasema, "Iliki, Maulana. Niliitia mimi, na nilijua."

Sultani Munadhiri akageuka akalitazama pazia. Kila mtu uani alimwona akifahamu, na kila mtu akatamani angekuwa mahali pengine.

"Ningeitema," akasema Sultani.

"Ndiyo, Maulana."

"Mbele ya wazee wa mji."

"Ndiyo, Maulana. Niwie radhi. Sikupewa neno jingine la kusema."

Sultani akaonekana kana kwamba anahesabu ni wangapi katika maisha yake waliomwambia ndiyo kwa sababu hawakupewa neno jingine. Kisha akasema, "Ungeniharibia kanzu," na hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka mpaka alipocheka mwenyewe, kicheko kifupi chenye maumivu kidogo ndani yake, lakini cha kweli. "Chukua mchumba wako, Luqmani. Tambuu umeila mwenyewe, naye umlishe mwenyewe. Ila Wallahi hutakuwa mshenga wangu tena, hata nikimposa paka!"

Wakaoana kabla ya mvua, na Sultani akatoa ng'ombe wa karamu. Na Safrashi, ambaye katika utumwa wake wote hakuwahi kusikia mtu akijishitaki ili asimsingizie maiti, akapasua mwamba chini ya ua wa Luqmani, ikatoka chemchemi tamu isiyokauka kiangazi, na kwa chemchemi hiyo nyumba yao ikapata bustani na mali, na jirani akapata bila kuomba.

Wasimulizi husema kwamba mafunzo ya habari hii ni kwamba aliye hai hamdhulumu marehemu kwa kuishi, bali humdhulumu akimfanya kisingizio. Huenda ni kweli. Lakini watu wa Shangamu wenyewe wanapoisimulia hupenda kumalizia na asubuhi ya kwanza ya ndoa, Luqmani alipokuwa ameketi barazani hajui aseme nini, na Mwana Jaha akaja akakaa kando yake na uso wake u wazi, akatengeneza ushungi begani, akasema, "Alikuwaje, yule mwenzangu? Nisimulie tangu mwanzo. Sina haraka."

Naye akasimulia.